Kigoda cha Kabla ya Kupaa

Monicah Wamucii wa Ngatia, mke wa Kingori wa Nderitu, mtu wa Tetu, upande wa Giakanja. Baba yake Ngatia ndiye aliyechimba mfereji wa kwanza wa kutoa maji mtoni mpaka mashamba ya juu, akauchimba kwa jembe lililobaki kipande. Nyanya yake, aliyemwachia jina, alihamisha mbuzi wa ukoo mzima wakati wa njaa na hakupoteza hata mmoja. Wamucii mwenyewe alibeba mawe ya mto kwa mgongo mpaka kanisa la mabati likasimama pale kilimani. Alilishika shamba miaka yote ambayo Kingori alifungwa kizuizini, na Kingori aliporudi akiwa mgonjwa, alimlisha kwa kijiko mpaka akafa mikononi mwake, mwaka uleule bendera ya uhuru ilipopandishwa. Na kama kuna mtu anasema hakuna mwanamke wa Giakanja aliyewahi kumwambia chifu apanguse matope kwanza ndipo aingie, mtu huyo hakumjua Wamucii.

Lakini hayo mengi watu wamekwisha kuyasahau. Wanachokumbuka ni kigoda.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi, na mguu mmoja ulikuwa umelegea. Mwaka mzima kilitundikwa juu ya boriti. Jumapili ya Pasaka jioni Wamucii alikishusha, akakipangusa, akakiweka ndani karibu na mlango, mahali ambapo mtu akikaa joto la moto linamfikia magotini. Kilikaa hapo siku zote arobaini mpaka Alhamisi ya Kupaa Bwana. Katika siku hizo, mgeni yeyote aliyepiga hodi alikalishwa pale akapewa chakula, na hakuulizwa jina lake, wala ametoka wapi, wala anataka nini, mpaka ale, ashibe, na anawe mikono.

Jambo hili alilitoa katika mafundisho ya ubatizo, bado akiwa msichana. Katekista Peterson aliwaeleza kwamba Bwana alipofufuka hakwenda mbinguni mara moja. Alizunguka kwanza huku duniani, na hata watu wake hawakumtambua. Mwanamke mmoja alimdhania kuwa mtunza bustani. Wawili walitembea naye njia nzima wakimwona msafiri tu. Wengine walimkuta ufuoni amewasha moto, anapika, wasijue ni yeye.

Wamucii akainua mkono. "Mwalimu, kwa hivyo siku hizo mtu akija mlangoni, utajuaje kama si yeye?"

Peterson alikohoa kidogo. "Huwezi kujua."

"Basi," akasema Wamucii, akaketi, na kwake ikawa sheria.

Darasa lile lilikubali kila kitu siku ile isipokuwa kitu kimoja. Peterson aliposema kwamba Bwana alikula kipande cha samaki mbele ya wanafunzi wake ili waamini kwamba si mzimu, watu walitazamana. Wakati huo mtu wa Tetu alimhesabu samaki pamoja na nyoka. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama hakukuwa na nduma za kuchemsha huko. Wamucii naye aliamini yote, ila samaki alimwachia Bwana peke yake.

Haikuwa kazi rahisi, kigoda kile. Siku za baada ya Pasaka ni siku za masika, barabara ni matope, ghalani kumebaki kidogo na mahindi ya shamba bado ni mabichi. Kulisha watu wakati huo ni kutoa chakula mdomoni mwako mwenyewe. Na waliokuja hawakuwa malaika. Alikuja mlevi akalala palepale kigodani mpaka kikamwangusha. Alikuja mnunuzi wa ngozi akala sahani tatu. Alikuja mwingine akala, akashukuru sana, na akaondoka na sufuria.

Jirani yake Waithira alimcheka mwaka hata mwaka. Alikuwa akipita na mtungi wake wa maji anasimama kwenye ua.

"Mama Nderitu, leo amekuja?"

"Amekuja nani?"

"Yule wa kigoda. Ama bado anatafuta sufuria ya pili?"

"Kama alichukua, alikuwa na haja nayo."

"Ati haja. Na wewe sasa unapikia nini, kofia ya marehemu?"

Ikifika Alhamisi ya Kupaa, Wamucii alifagia kanisa, akasali, akarudi nyumbani, akapanda juu ya debe na kukitundika kigoda. "Amekwenda kwao," alisema. "Kuanzia leo mtu akija atajibu maswali."

Wamucii alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Nderitu, aliyepewa jina la babu yake upande wa baba kama desturi inavyotaka. Alikuwa kijana mpole, mwenye masikio makubwa, aliyemshikia padri kitabu tangu akiwa na kimo cha meza. Alipata kazi Sagana, kwenye mabwawa ya kufugia samaki, na Wamucii hata kazi yenyewe hakupenda kuitaja mbele ya watu. Siku moja alikuja nyumbani akasema anaoa msichana wa Majengo, pale mjini Nyeri. Jina lake Subira. Na kwa kuwa wazazi wake ni Waislamu, Nderitu ameingia msikitini na amepewa jina la Abdulkadir.

Wamucii alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso.

"Nderitu lilikuwa na kosa gani?"

"Mama, si kwamba nimelitupa."

"Babu yako alilibeba mpaka kaburini halikumchubua bega. Wewe limekulemea." Akatupa ganda. "Basi Abdulkadir simjui. Asikanyage hapa, na huyo msichana asikanyage."

Nderitu akachukua koti lake, akaenda. Pasaka ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Wamucii hakumtaja kwa mtu. Lakini alianza kuweka kigoda karibu zaidi na mlango, na nyayo zikisikika njiani jioni, mkono wake ulisimama juu ya chungu mpaka zipite.

Basi, mwaka wa sabini, Jumatatu ya wiki ya Kupaa, mvua ikinyesha tangu asubuhi, hodi ikapigwa. Alikuwa mzee mwembamba, amejifunika gunia la sukari kichwani kama watu wanavyofanya kwenye mvua, maji yanamtiririka mpaka kwenye viatu.

"Karibu ndani, baba," akasema Wamucii kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kaa hapo kwa hiyo kigoda. Pole pole, mguu moja imelegea."

"Ahsante, mama. Mimi naitwa..."

"Hapana. Hiyo bado. Kwanza chakula."

Mzee akatabasamu kama mtu aliyeambiwa mapema kwamba itakuwa hivyo, akaketi.

Githeri ilikuwa bado inachemka, mahindi na maharagwe magumu kama mawe. Wamucii alimtazama mgeni, akaona anatetemeka, na meno ni ya kuhesabu. Akatoka akamkamata kuku, tena yule anayetaga. Hapo akakwama. Kwao mwanamke hachinji, na Moffat, mume wa Waithira, ambaye humchinjia siku zote, alikuwa amekwenda Endarasha kutafuta mbegu ya viazi. Akasimama chini ya paa na kuku mkononi.

"Niletee kisu, mama," akasema mgeni. "Huyo nitamchinja mimi."

Akampa. Mzee akanawa mikono kwa maji ya paa, akamshika kuku vizuri, akamlaza. Hakumgeuzia upande wa Mlima Kenya, kama wafanyavyo watu wa Tetu. Alimgeuzia Kieni, kaskazini, na midomo yake ikataja jina la Mungu kwa maneno ambayo Wamucii aliyafahamu. Aliwahi kuyasikia kwenye bucha za Majengo.

Maji ya moto yalikuwa kwenye sufuria mkononi mwake, naye akasimama nayo kwenye mvua. Huyu ni mtu wa Majengo. Mtu wa Majengo amekalia kigoda chake. Alitaka kumwambia anyanyuke aende, lakini kuku alikuwa amekwisha kukatwa, na Alhamisi ilikuwa bado.

Alimnyonyoa yule kuku mpaka manyoya yakafika kwa Waithira.

Mgeni alikula polepole, kwa adabu, akamaliza. Wamucii alimmiminia maji. Mikono ilipokuwa bado inadondosha maji, akasema:

"Sasa sema jina yako."

"Mimi ni Dawud, wa Majengo. Baba yake Subira."

"Niliona kwa kuku."

"Nilijua umeona. Ulinyonyoa kama mtu anayepigana vita."

Wamucii hakucheka. Akaketi upande wa pili wa moto, mikono mapajani, akangoja.

"Mzazi mwenzangu," Dawud akasema, "Ijumaa Subira alijifungua kule Sagana. Msichana. Mama na mtoto wazima. Sikuja kuomba kitu cha kushikika. Nimetumwa na Nderitu kuomba jina."

"Jina gani?"

"Lako. Anasema kwenu msichana wa kwanza ni wa mama yake baba, hiyo haina mjadala. Lakini ulimwambia asikanyage hapa. Hataki kuchukua jina lako kama mtu anayechuma parachichi za jirani usiku. Anataka ulitoe mwenyewe."

"Yeye mbona alitupa ya babu yake? Ati siku hizi ni Abdulkadir."

"Mama, Abdulkadir ni wa msikitini. Kazini wanamwita Nderitu. Mke wangu Zabibu akimtuma maji anamwita Nderitu. Mimi nikimkasirikia namwita Nderitu wa Kingori, lote mpaka mwisho."

Tabasamu lilimjia Wamucii mdomoni, akalifuta kwa kiganja. "Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Anakuogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Hata mimi, nilipoliona panga lako pale mlangoni, niliogopa." Dawud akasimama, akachukua gunia lake. "Alhamisi ni siku yake ya saba, ndiyo siku yetu ya kumpa mtoto jina. Ukija utamwita kwa mdomo wako. Usipokuja ataitwa Zabibu, na Zabibu si jina baya."

Alikuwa amefika nje alipogeuka.

"Nderitu alinisisitizia jambo moja. Alisema, baba, nenda kabla ya Alhamisi. Kabla ya Alhamisi, hata ukiwa nani, hawezi kukufukuza."

Wamucii aliingia ndani. Akarudi na nduma mbili kubwa zilizopikwa, akazitia ndani ya gunia la mzee.

Siku mbili zile hakulala vizuri. Alikuwa na jina moja tu la kurithisha, na huko linakokwenda litaitwa na watu ambao hawatalijua kanisa alilobebea mawe. Lakini asipolitoa, Nderitu hatarudi kuomba tena, na hilo alilijua, kwa sababu kiburi kile kijana alikitoa kwake. Na lile neno la kabla ya Alhamisi lilikuwa linamrudia kila akipita karibu na kigoda. Mtoto mjinga. Miaka miwili hajaonekana, na bado anahesabu siku za mama yake.

Jumatano jioni alikwenda kwa Waithira na ufagio.

"Kesho utafagia kanisa wewe. Mimi naenda Sagana."

Waithira aliweka chini bakuli. "Siku ya Kupaa? Wewe? Tangu mawe yale yabebwe hujawahi kukosa."

"Nitakosa."

"Watu watasema umefuata mtoto msikitini."

"Watasema, kisha watachoka. Waithira, kumbuka vile Peterson alitufundisha. Bwana alipopaa, wale watu walibaki shingo juu, mpaka malaika wakaja kuwauliza wanasimama kutazama nini. Kesho nikisimama hapa Giakanja kutazama juu, na mtoto wa Nderitu anapewa jina huko chini, nao malaika wataniuliza nini?"

Waithira aliupokea ufagio. "Na kigoda nikitundike?"

"Kiache hapo mpaka nirudi."

Alhamisi alipanda basi la kwanza. Mgongoni alikuwa na kiondo kilichojaa njahi, zile kunde nyeusi anazopikiwa mwanamke aliyejifungua, na juu yake nduma. Sagana ilikuwa na joto lisilo na adabu, na mbu mchana. Aliuliza njia mara moja tu, mbele ya stesheni, na hakuhitaji kuuliza ya pili, kwa sababu Nderitu alikuwa amesimama barabarani. Inaonekana alikuwa amesimama tangu alfajiri. Amekonda, na masikio yamezidi.

"Mama," akasema, akakosa mahali pa kuweka mikono.

"Nitue kiondo. Ama Sagana hawafundishi?"

Alimtua. Mkanda wa kiondo ulikuwa umeacha alama kwenye paji la uso wa mama yake, naye akaitazama alama ile. Wakaenda hivyo, yeye mbele na kiondo, mama nyuma, mpaka kwenye chumba cha mabati ambamo Zabibu alikuwa ametandika mkeka na Dawud amevaa kanzu safi. Subira alikuwa nyuma ya pazia na mtoto, kwa maana mwanamke aliyejifungua kwao hukaa ndani arobaini nzima.

Walimkaribisha vizuri, tena vizuri mno. Kila mtu aliongea polepole. Zabibu alileta sinia, akalifunua, na juu ya wali alikuwepo samaki mzima, na kichwa, na jicho.

Nderitu aliruka. "Mama hali samaki. Mpikieni mayai."

"Yaa, sikuambiwa," Zabibu akasema, akashika sinia kuliondoa.

Wamucii aliwatazama. Nderitu kwenye ukingo wa mkeka, Dawud akisugua magoti yake, jicho moja la Subira kwenye upenyo wa pazia. Amekuja, ameketi kwao, na bado wanamtazama kama mtu ambaye huenda hakufika. Akakumbuka darasa la Peterson, na wale wanafunzi chumbani mwao, na Bwana mbele yao na mikono yake na miguu yake, bado hawamwamini, mpaka akawaomba chakula.

"Weka hapo chini," alimwambia Zabibu. "Nyinyi mnakula kutoka wapi, kichwa ama mkia?"

Alikula. Zabibu alimtolea miiba kwa vidole vyake mwenyewe, akimwekea nyama upande wake wa sinia kama anavyowekewa mtoto. Nderitu hakugusa chakula. Alitazama kila tonge la mama yake likipanda na likishuka, na lilipofika la nne akageuka ukutani, akapangusa uso kwa mkono wa shati. Baadaye Waithira alipouliza samaki ana ladha gani, Wamucii alisema ni kama kula sindano kwa mchuzi, lakini mchuzi ulikuwa mzuri.

Alinawa mikono. Kisha akasema, "Mleteni."

Subira alitoka nyuma ya pazia mwenyewe. Alikuwa msichana mdogo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na hakujua kama asalimie kwanza au ampe mtoto kwanza. Wamucii akampokea mtoto na kumweka kwenye mapaja. Masikio yalikuwa ya Nderitu. Maisha yote ya Wamucii wengine ndio walioliita lile jina na yeye akaitika. Siku ile aliliita yeye.

"Wamucii," akasema. "Wamucii wa Nderitu."

Mtoto alipiga chafya, na wote wakacheka kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amekwenda kwa siku moja. Lakini aliona Zabibu anavyopika njahi, akasema hivyo sivyo, akafunga leso kiunoni. Alikaa mpaka arobaini ya Subira ikaisha. Aliporudi Giakanja alikuta kigoda palepale mlangoni, na kuku wa Waithira amelala juu yake.

Miaka ikaenda. Nderitu alirudi kujenga kando ya nyumba ya mama yake, akachimba bwawa dogo kwenye mfereji wa Ngatia, na wazee wa Tetu waliokuwa wanatema mate wakisikia samaki wakaanza kutuma wajukuu na sahani. Dawud alikuja kila mwaka kabla ya Kupaa, akakalia kigoda, na kila mwaka Wamucii alimkataza kutaja jina mpaka ale. Dawud mwenyewe ndiye aliyechinja kuku.

Mwaka mmoja katika ile miaka ya themanini miguu ya Wamucii ilikataa. Alilala karibu na moto, akili nzima, mdomo mzima. Ijumaa Kuu Subira alikuwa anamgeuza upande, mto uko kwapani, Wamucii akamshika kifundo cha mkono.

"Jumapili ni Pasaka. Kigoda kitashushwa na nani?"

"Utakishusha wewe, mama."

"Usinibembeleze kama mtoto. Utakishusha wewe."

Subira aliweka mto chini. "Mama, mimi hata sijui hizo siku zinahesabiwa vipi. Mimi si wa kanisa."

"Kuhesabu ni kwa Waithira. Atakuambia Pasaka na atakuambia Kupaa, na katikati atakuambia mengine mengi ambayo hukuuliza. Kigoda si cha kanisa. Ni cha mlango, na mlango sasa ni wako."

"Na akija mlevi?"

"Atakula."

"Na akirudi yule wa sufuria?"

Wamucii alifikiri. "Huyo mpe kwa sahani ya bati."

Subira alianza kucheka, kisha hakuweza kuendelea. Akamfunika mama mkwe wake mpaka mabegani, akamlainishia blanketi mahali ambapo halikuwa na mkunjo.

"Na simwulizi jina," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka anawe mikono."

"Haya. Mguu ule bado umelegea. Mwambie Nderitu agonge kabari leo, kuni ya mzeituni, si ile laini. Akimaliza ukikalie wewe kwanza, wewe niliyesema usikanyage hapa."